Dhiki ya utotoni na shujaa kijana: mwongozo kwa anayeanza kuandika hadithi za kisayansi

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wanaoanza kuandika hadithi za kisayansi ni yale yale. Wazazi wa shujaa wangu wafe ukurasa wa ngapi? Nimpe mateso kiasi gani ili msomaji ampende? Nianze na utoto wake, au nianze akiwa tayari ana miaka 16? Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Hapa nayaweka yote pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukae chini uandike.

Shika jambo moja kwanza, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Dhiki humfundisha mtoto tabia. Tabia hiyo ilimfaa siku ile, katika chumba kile, mbele ya mtu yule. Akikua anaendelea kuibeba hata pale isipotakiwa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kazi yako ni kumjua nyoka, kujua aliuma wapi na saa ngapi, kisha kuutandaza ung'ongo njiani mwa shujaa wako sura baada ya sura.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari au faili la mhusika, mbali na mswada. Sehemu kubwa ya utakayoandika humo haitaingia katika hadithi, na ni sawa.
- Ukurasa mmoja tu kuhusu ulimwengu wako. Hewa inatoka wapi? Maji yanasafishwa na nini? Nani anamiliki mtambo, na nani ana ruhusa ya kuuzima? Historia ya vita vya miaka 300 iache kwanza.
- Jedwali la umri: mstari mmoja kwa kila mwaka wa mtoto, tangu kuzaliwa hadi siku hadithi inapoanza.
- Kumbukumbu yako moja ya utotoni, ndogo, ya kuogopa au kupungukiwa. Hutaiandika. Utaitumia kama mizani: ukisoma rasimu yako na kuona haina ukweli wa ile kumbukumbu, utajua umeanza kubuni kwa mazoea.
- Msomaji mmoja asiyekuonea haya.

Hatua ya 1: Itoe dhiki ndani ya mitambo ya ulimwengu wako

Hapa ndipo rasimu nyingi huanguka. Mwandishi anamletea mtoto baba mlevi au nyumba iliyoteketea, kisha anapaka nyota juu yake. Jipime hivi: ukiweza kuing'oa dhiki hiyo na kuipanda katika hadithi isiyo na chombo cha anga hata kimoja, bila kubadilisha neno, basi bado hujaandika hadithi ya kisayansi. Ulevi wa baba unaweza kubaki, lakini ulimwengu wako lazima uwe umeutia mkono.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho. Chukua kituo cha anga za juu chenye umbo la gurudumu linalozunguka. Gurudumu lenye nusu kipenyo cha mita 224, likizunguka mara 2 kwa dakika, linampa mtu aliye ukingoni uzito ule ule alio nao duniani. Anayeishi mita 56 tu kutoka kitovuni anapata robo ya uzito huo. Sasa jiulize swali ambalo mwanasiasa wa kituo hicho asingependa uulize: nani anaishi wapi? Wenye mali wamechukua ukingo, kwa sababu mwili wa binadamu unahitaji uzito. Wanaanga walio katika hali ya kutokuwa na uzito hupoteza takriban asilimia 1 ya uimara wa mifupa inayobeba mwili kwa kila mwezi. Hakuna mtoto aliyewahi kukulia kwenye robo ya uzito, kwa hiyo mifupa yake itakuwaje ni uamuzi wako; ila ukishaamua, usibadilishe katikati ya kitabu.

Binti yetu wa mfano, tumwite Tunu, amezaliwa upande wa kitovuni, kwenye ile robo ya uzito. Ana mifupa myembamba. Akishuka ukingoni uzito wake unaongezeka mara nne, na ngazi ambayo watoto wa huko wanaipanda wakiimba, yeye anaipanda akiwa ameuma meno. Anarusha mpira kwa kuupinda, kwa kuwa ndani ya gurudumu linalozunguka kitu kilichorushwa hakionekani kwenda moja kwa moja, na upindaji huo unajionyesha zaidi pale uzito ulipo mdogo. Hakufundishwa na mtu. Mkono wenyewe ulijifunza. Siku atakapokanyaga sayari, kila atakachorusha kitakosa shabaha. Kabla hujaandika neno moja la huzuni, tayari una umaskini, mwili na aibu, na vyote vimetoka kwenye hesabu ya gurudumu.

Mfano mwingine ni riwaya ya Octavia Butler, *Parable of the Sower*, ya mwaka 1993. Msichana Lauren anahisi mwilini mwake maumivu ya yeyote anayemwona akiumia, kwa sababu mama yake alitumia vibaya dawa fulani akiwa mjamzito. Katika ulimwengu uliojaa vurugu, kila pigo analolitoa linamrudia. Ukiiondoa dhiki hiyo, hadithi nzima inabomoka. Hicho ndicho kipimo.

Hatua ya 2: Chagua tukio moja, na ulipe umri

Usiniletee orodha. Njaa, kufiwa, kupigwa, kutekwa na kuuzwa, vyote katika kurasa kumi, vinamfanya msomaji afunge moyo. Chagua tukio moja ambalo mtoto angelisimulia mwisho kabisa, au asingelisimulia kamwe.

Umri unaamua kila kitu, na wengi wanauandika kwa kubahatisha. Mtoto wa miaka 4 hahifadhi kisa. Anahifadhi harufu, mlio, ubaridi wa sakafu. Wa miaka 7 anatafuta sababu, na mara nyingi anajikuta yeye mwenyewe ndiye sababu. Wa miaka 11 ameanza kupima haki: anajua nani alipewa, nani aliruka foleni, na anakumbuka kwa miaka. Wa miaka 14 anajua kwamba inawezekana kuondoka, na kama hakuondoka, hilo nalo litamsumbua.

Tazama umri unavyofanya kazi katika *The Hunger Games* ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008. Katniss ana miaka 11 baba yake anapokufa katika mlipuko mgodini. Sheria ya ulimwengu ule inamruhusu mtoto kujiandikisha kupata nafaka na mafuta akifika miaka 12, kwa gharama ya jina lake kuongezwa kwenye bahati nasibu ya kifo. Kwa hiyo kuna miezi kadhaa ambamo mtoto anaona nyumba yake ikifa njaa huku sheria ikimwambia bado ni mdogo mno kujiuza. Pengo hilo la miezi lina uzito kuliko kifo chenyewe. Kufika miaka 16, jina lake limo mara 20. Collins hakuhitaji kutueleza kwamba maisha ni magumu; alitupa tarakimu.

Kwa Tunu tuandike hivi katika daftari: *Miaka 7. Mama yuko zamu ya usiku. Feni za kitovuni husimama mara kwa mara. Mama amemwambia, "Sikiliza feni, ikinyamaza mwamshe mdogo wako mtoke." Tunu akasinzia.* Mdogo wake, Faraji, ana miaka 2. Feni ikisimama, kaboni dioksidi inajaa kwenye chumba kilichofungwa: kichwa kinauma, usingizi unazidi kuwa mzito, na aliyelala hana habari. Faraji aliokolewa na jirani. Akapona, lakini hakurudi kuwa yule yule.

*Tahadhari.* Utaona sikumuua Faraji. Kumuua mtu wa familia ndilo jambo la kwanza linalomjia kila anayeanza, na kifo kina kasoro moja kubwa ya kiufundi: maiti haijibu. Ndugu aliye hai, anayeongea polepole na kumpenda dada yake bila kumlaumu, atakupa mandhari kumi ambazo kaburi lisingekupa.

Hatua ya 3: Andika hitimisho la mtoto kwa sentensi moja

Mtoto anayepatwa na jambo kubwa hulitolea fundisho. Liandike kwa maneno yake, kwa umri wake, lisizidi maneno manane. Lake Tunu ni hili: *Nikilala, mtu anaumia.*

Kisha andika chini yake ukweli ambao mtoto hakuujua. Feni zilizimwa na mmiliki wa kituo ili kuokoa umeme, na ratiba ya kuzima ilikuwa imesainiwa miezi mitatu kabla. Mtoto wa miaka 7 alibeba hatia ya ofisi nzima.

Umbali kati ya sentensi hizo mbili ndio safari ya shujaa wako. Ukiona hitimisho la mtoto ni sahihi kabisa, basi hakuna cha kugundua na hadithi itabaki ya mapigano tu. Ukiona ni upuuzi mtupu, msomaji atamdharau. Linatakiwa liwe kosa ambalo mtoto yeyote mwenye akili angelifanya.

Hatua ya 4: Geuza hitimisho kuwa tabia zinazoonekana

Tabia tatu zinatosha, na kila moja lazima iweze kuonekana na mtu aliyesimama mlangoni. "Ana hofu" haionekani. "Hamwamini mtu" haionekani. Za Tunu:

- Analala ameketi, mgongo kwenye bomba la hewa.
- Anapopita penye mtu aliyelala, anasimama kidogo kuhesabu pumzi zake.
- Neno "nimechoka" halijawahi kutoka kinywani mwake.

Ukikwama hapa, rudi hatua ya 3. Hitimisho likiwa butu, tabia nazo zitakuwa butu.

Hatua ya 5: Andika faida na gharama katika mstari mmoja

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Wanaoanza humpa shujaa faida katika sura ya tatu (amekuwa mwepesi, mkakamavu, hodari wa kupigana) na gharama wanaisahau, au wanaiweka pembeni kama ndoto mbaya za usiku. Faida na gharama ni kitu kimoja. Usiviache viachane.

Katika *Ender's Game* ya Orson Scott Card, riwaya ya mwaka 1985, mvulana wa miaka 6 anayeonewa shuleni anaendelea kumpiga mwonevu aliyekwisha kuanguka, ili ashinde na mapigano yote yatakayofuata. Hiyo ni akili ya mtoto asiyetarajia mtu mzima yeyote aje kumsaidia. Na watu wazima waliokuwa wakimtazama wanaona katika pigo hilo hilo kamanda wanayemtaka. Kile kilichomnusuru uwanjani ndicho watakachokitumia kufanyia jambo ambalo hatajisamehe. Soma tena mstari huo: ujuzi, jeraha na msuko mzima wa matukio vimetoka katika kitendo kimoja cha mtoto.

Kwa Tunu, akiwa na miaka 15 ndani ya chombo cha mizigo: *Anasikia pampu ikibadilisha mlio kabla kipimo hakijaonyesha chochote, kwa sababu hawezi kumkabidhi mtu mwingine zamu, na kwa sababu hawezi kukabidhi zamu, saa ya 40 bila usingizi atafunga vali isiyo yenyewe.*

Usifikiri gharama ni ya moyoni peke yake. Uchunguzi wa daktari Vincent Felitti na wenzake, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1998, uliwauliza maelfu ya watu wazima kuhusu utoto wao na kukuta kwamba kadiri aina za madhila zilivyokuwa nyingi, ndivyo hatari ya magonjwa makubwa ya ukubwani ilivyopanda, ya moyo yakiwemo. Mwili unaweka kumbukumbu. Shujaa aliyekua na njaa akimaliza vita na bado ana meno mazima, mgongo ulionyooka na usingizi mtamu, kuna kitu umemficha msomaji.

Hatua ya 6: Mpe mtu mzima mmoja, kisha mpe mwingine wa kumtumia

Mtoto asiyekuwa na mtu kabisa haaminiki kirahisi anapokuja kuwa mkarimu na jasiri. Kisiwani Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Miongoni mwa waliokulia katika hatari kubwa, karibu theluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo na wanaojali wengine, na jambo lililojirudia katika maisha yao lilikuwa uhusiano wa karibu na angalau mtu mmoja aliyewajali, hata kama hakuwa mzazi. Kwa mwandishi hii ni zawadi. Huhitaji familia nzima. Mtu mmoja anatosha, tena kwa muda mfupi: jirani aliyevunja mlango usiku ule, akambeba Faraji bega moja na Tunu bega la pili, na kesho yake akamfundisha Tunu kufungua feni na kuisafisha mwenyewe.

Mtu wa pili ni yule anayeiona tabia ya mtoto na kuihitaji. Nahodha anayemsifu Tunu kwa kutolala. Usimfanye mwovu wa kukunja uso. Mfanye mpole, mwenye chombo kibovu na madeni, anayesema, "Bila wewe tungekuwa tumekwisha," na anasema kweli. Kwa mtoto aliyekosa sifa, sauti ya anayemjali na ya anayemtumia zinafanana sana. Kuzitofautisha kutamchukua nusu ya kitabu.

Hatua ya 7: Amua dhiki ionekane wapi katika mswada

Usianze na utoto. Najua inavutia. Anza shujaa akiwa kijana, akiwa katikati ya kazi, tabia zake zikionekana na sababu yake ikiwa imefichwa. Msomaji atauliza, "Kwa nini halali?" Swali hilo ni taharuki ya bure, usiilipe mapema.

Linganisha. Rasimu ya kawaida inayonifikia huandikwa hivi:

*Tunu alikuwa na maisha magumu sana. Alilelewa katika umaskini na alipitia mengi, jambo lililomfanya awe jasiri na asiyemwamini mtu yeyote.*

Sasa hivi:

*Kitanda kilikuwa na godoro. Tunu alilitandika vizuri, akalipigapiga kama mtu anayejiandaa kulala, kisha akaketi sakafuni, mgongo kwenye bomba la hewa. Bomba lilitetemeka. "Hulali?" mwenzake akauliza gizani. "Nalala," Tunu akajibu, macho wazi.*

Aya ya pili haina neno dhiki, haina neno umaskini, na msomaji amekwisha kujua kwamba kuna usiku mmoja huko nyuma.

Kisha gawa nyoka wako, yaani lile tukio la utotoni, mara tatu. Mara ya kwanza onyesha tabia bila sababu, kama hapo juu. Mara ya pili toa kipande: Faraji, sasa ana miaka 10, anataja "ule usiku" mbele ya mtu mgeni na Tunu anaondoka chumbani. Mara ya tatu toa tukio zima, na hapo ndipo kisengere nyuma, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, kina kazi. Kiingize pale tu jambo la sasa linapokivuta: feni ya chombo inanyamaza kweli. Kisizidi ukurasa mmoja. Kiandike kwa macho ya mtoto wa miaka 7, bila neno moja ambalo mtoto huyo asingelijua. Kwa hiyo "kaboni dioksidi" haimo, kichwa kinachouma kimo.

*Tahadhari.* Usirudie tukio zima kila shujaa anapoogopa. Nimesoma mswada ambamo moto ule ule uliwaka mara tisa. Kufika mara ya nne nilikuwa naruka aya.

*Tahadhari nyingine, na hii naisema kwa uzito.* Ukatili dhidi ya watoto, hasa wa kingono, usiutumie kama pambo la kumfanya shujaa "awe na kina". Kati ya wasomaji wako wamo waliopitia. Kama hadithi yako haitashughulika nao kwa uaminifu mpaka mwisho, tafuta dhiki nyingine. Na kama itashughulika, funga mlango mapema: andika kabla na baada, mwili wa mtoto uuache katika heshima yake.

Hatua ya 8: Mpe mpinzani dhiki ile ile, hitimisho tofauti

Hatua fupi lakini inaokoa wabaya wengi wa karatasi. Kuna kijana mwingine aliyelala kitovuni usiku ule wa feni. Yeye alihitimisha: *Anayeshika swichi ndiye anayeishi.* Leo anataka swichi. Hahitaji kuwa katili. Anahitaji tu kuwa na sababu ambayo Tunu anaielewa kuliko mtu yeyote chomboni.

Hatua ya 9: Ilazimishe tabia ishindwe

Kilele cha hadithi kiwe mahali ambapo tabia ile, faida yake yote ikiwa imekwisha kutumika, haitoshi. Wanaoanza hufanya kinyume: wanamwacha shujaa ashinde kwa kufanya zaidi kile kile alichofanya tangu mwanzo, kwa nguvu zaidi na kelele zaidi.

Tunu amekaa macho saa 40. Amefunga vali isiyo yenyewe, na nusu ya hewa ya akiba imepotea. Bado saa 9 kufika bandarini, na mtu mmoja lazima asikilize pampu muda wote huo. Kipimo kimekufa, yamebaki masikio. Aliye karibu naye ni Faraji, anayeongea polepole, ambaye amekua akisikiliza dada yake akisikiliza. Jambo gumu kuliko yote ambalo shujaa wako anaweza kufanya katika ukurasa huo ni kulala. Milipuko iache nje. Andika mkono wake ukichelewa kutoka kwenye bomba.

Hatua ya 10: Pitia rasimu ukiwa na kisu

Tafuta maneno haya na uyakate au uyabadilishe kuwa kitendo: maskini, masikitiko, machungu, alipitia mengi, maisha yalimfunza. Kata kila sentensi ambamo msimulizi anamhurumia mtoto. Kisha soma kwa sauti mazungumzo yake yote ya utotoni.

Mambo yakikwama

*"Shujaa wangu anatia huruma, hapendwi."* Hana anachokitaka nje ya jeraha lake. Mpe kitu cha furaha kisicho na uhusiano na msuko. Tunu anapenda kurusha mpira wa matambara ukapinda kona na kumgonga mtu asiyeutarajia. Watoto walio katika dhiki wanacheza, tena sana. Anayewaandika bila mchezo hajawatazama.

*"Anaongea kama mzee wa miaka 60."* Umempa hekima kama malipo ya mateso. Mwondolee. Mwache akosee mambo madogo yanayolingana na umri wake: awe na wivu, asahau kuoga, adanganye kuhusu kitu kisicho na maana. Ukomavu wake uwe wa upande mmoja tu. Anajua kutunza hewa ya watu wanane, hajui kupokea zawadi.

*"Wasomaji hawaamini uwezo wake."* Umeruka mafunzo. Dhiki yenyewe haimfundishi mtu kutengeneza pampu. Onyesha jirani akimfundisha, onyesha feni ya kwanza aliyoiharibu, onyesha miaka. Mandhari mbili fupi zinatosha.

*"Msomaji wangu anasema imezidi, inachosha."* Hesabu matukio mabaya katika kurasa 30 za mwanzo. Yakizidi mawili, ondoa mengine. Pia angalia kama kuna ukurasa wowote ambao mtu anacheka.

*"Sayansi imemmeza mtoto."* Pitisha kila tarakimu mwilini mwake. Mita 56 na mita 224 ni zako wewe, zibaki daftarini. Za Tunu ni magoti yanayouma kwenye ngazi ya ukingoni na watoto wanaompita wakiimba.

*"Nimeandika dhiki ambayo sijawahi kuipitia, naona kama naiba."* Rudi kwenye ile kumbukumbu yako ndogo. Huhitaji kufanana na mtoto huyo, unahitaji kutodanganya kuhusu ukubwa wa hofu. Kisha mpe mswada mtu aliyekulia karibu zaidi na jambo hilo, na akikuambia "hapa hapana", badilisha bila kubishana.

*"Amepona ghafla sura ya mwisho."* Punguza kipimo cha kupona. Chagua tabia moja kati ya zile tatu za hatua ya 4, na uibadilishe kidogo tu. Mbili zilizobaki ziache kama zilivyo. Chombo kimefika, wote wako hai, Tunu amepewa chumba chenye kitanda. Safari hii analala juu ya godoro. Mkono mmoja umening'inia ukingoni, vidole vikigusa bomba.